Vipandikizi Sita vya Ramisco

14 Januari 1957

Bi Leonilde, mwenye shamba, amenikabidhi daftari hili mbele ya wenzangu kama vile ananipa cheo. Anataka niandike kila siku hali ya hewa, kina tulichofikia, nani alikuja na nani hakuja. Msimu wa kuchimba ukiisha nimrudishie. Nilimwambia mkono wangu ni wa sepetu, si wa kalamu.

"Teotónio," akasema, "jeshini ulikuwa unawaandikia wenzako barua za wachumba wao. Habari zako ninazo."

Silvério akacheka mpaka sigara ikamtoka mdomoni. Huyo kijana ana mikono mizuri ya kukata mchanga, lakini mdomo wake ungefaa uwekewe kizibo.

Haya basi. Leo baridi, upepo wa baharini. Tumepima mtaro kule juu kwenye mchanga mpya, hatua arobaini kwa urefu. Udongo wa mfinyanzi uko chini sana, mita tano, labda sita. Mzabibu wetu, Ramisco, haukubali kuota juu juu kama mizabibu ya watu wengine. Unataka mizizi iwe kwenye udongo na mchanga uwe juu yake kama blanketi, kwa hiyo sisi huku tunachimba kama watu wanaotafuta maiti.

17 Januari

Mvua. Hatukuchimba.

18 Januari

Mvua. Mke wangu Gracinda anasema nikishinda nyumbani siku ya tatu atanipa vitunguu nimenye.

22 Januari

Sikukuu ya Mtakatifu Vicente, mlinzi wetu sisi watu wa zabibu. Bi Leonilde alileta mkate, soseji, na chupa mbili za divai ya Ramisco zenye umri wa miaka kumi na minne. Tulikunywa tukiwa tumesimama ukingoni mwa mtaro. Evaristo alizungusha kinywaji mdomoni, akafumba macho.

"Ramisco ni mama mkwe wangu mtupu," akasema. "Miaka kumi ya kwanza anakukausha mdomo. Ukimvumilia, siku moja anakuchekea, unashangaa kumbe alikuwa na meno mazuri."

"Na meno yenyewe yakishatoka?" Silvério akauliza.

"Ndio unamzika. Nawe wakati huo unalia kweli."

Evaristo na mimi tumechimba pamoja miaka thelathini. Yeye chini, mimi juu. Yeye ana mapafu, mimi nina macho, ndivyo marehemu bwana wa Bi Leonilde alivyotugawa, na hatujawahi kubadilishana.

Jioni ile mizigo ya vipandikizi ililetwa kwa punda kutoka shamba la zamani kule karibu na bahari. Niandike na hili, maana liko moyoni. Shamba lile lilikuwa la baba yangu. Aliliuza mwaka mama alipougua, likawa la mume wa Bi Leonilde. Sasa Bi Leonilde amemuuzia daktari mmoja wa Lisboni anayetaka kujenga nyumba ya kuotea jua. Mizabibu inang'olewa. Vilivyobaki vya baba yangu ni vijiti hivi, vimefungwa kwa kamba, vimelazwa chini ya uzio wa matete na kufunikwa mchanga wenye unyevu. Nilisimama nikivitazama kwa muda. Nilikuwa mdogo nilipokuwa natambaa kati ya mizabibu ile, nikiinua vichala kwa vijiti vya matete ili visiungue kwenye mchanga wa Agosti.

25 Januari

Kavu, baridi. Mita tatu na nusu. Wote walikuja.

Bi Leonilde alikuja na mpwa wake wa mjini, kijana wa miwani, akamwona Evaristo akishuka ngazi na kapu kichwani. Kijana akauliza kama tunacheza.

"Mchanga ukinifunika," Evaristo akamwambia kutoka chini, "hewa ya ndani ya kapu inanitosha kusali Baba Yetu mara tatu. Ya nne lazima awe ameshanifukua huyu mpumbavu wa juu."

Mpumbavu wa juu ni mimi. Kazi yangu ni nyepesi kuliko zote na ndiyo inayonipa mshahara mkubwa kuliko wote. Sichimbi. Sivuti sigara. Siketi. Natazama ukingo wa mchanga tu. Evaristo akishachota mara kumi anaita, "Upo?" Nami naitika, "Nipo." Asipojibiwa, anatupa sepetu na kupanda ngazi bila kuuliza. Kanuni ni hiyo tu, na watoto wa huku wanaijua kabla hawajajua kusali.

29 Januari

Mita nne na nusu. Ukungu mpaka saa sita mchana.

31 Januari

Leo mchanga umemfukia Evaristo.

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Silvério alikuwa amekata ubavu wa mtaro asubuhi, kisha akaenda na punda kuchota maji. Nilikuwa ukingoni. Ubavu wa upande wa bahari uliporomoka ghafla, sikupata hata muda wa kupiga kelele. Nikaruka ndani. Nilifukua kwa mikono, kucha mbili zimeng'oka. Nilifikia kapu, nikalisikia likipumua. Silvério aliporudi tulimtoa pamoja. Kiuno kimevunjika, na mbavu, daktari hajui ngapi. Anatema mchanga. Yu hai.

1 Februari

Mvua. Yu hai.

3 Februari

Jumapili. Padri amenitaja kanisani. Amesema kuna mtu kati yetu aliyeingia kaburini kumtoa rafiki yake. Watu waligeuka kunitazama. Gracinda alinishika mkono, jambo ambalo hajafanya kanisani tangu siku ya harusi yetu. Nje wazee walinipa mkono mmoja mmoja. Custódia, mke wa Evaristo, alinikumbatia akalia kwenye koti langu.

"Shemeji, Mungu akulipe," akasema. "Nilisuka kapu lile mwenyewe, lakini kapu bila wewe lingekuwa nini?"

Sikula mchana. Nilimwambia Gracinda kucha zinauma.

6 Februari

Kavu. Hatukuchimba, hakuna anayetaka kushuka.

Kilabuni wanasema Silvério alikata ubavu ukasimama sana, badala ya kuulaza. Hakuna aliyekwenda kuupima, na sasa haupimiki tena, umelala juu ya sepetu ya Evaristo. Lakini kijana ana mdomo, na mtu mwenye mdomo watu hupenda kumpata na kosa. Walinigeukia. "Wewe ulikuwepo, Teotónio. Ulisimama sana au haukusimama?"

Nilisema, "Mchanga ni mchanga."

Walilitafsiri watakavyo. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo.

9 Februari

Nimeandika uongo tarehe thelathini na moja. Daftari ni la Bi Leonilde na ipo siku nitalirudisha, lakini sina mahali pengine pa kuliweka jambo hili na kifua changu kimejaa.

Sikuwa ukingoni.

Silvério alipoondoka na punda niliona nafasi. Mizigo ya vipandikizi ilikuwa chini ya matete, hatua thelathini hivi kutoka mtaroni. Nilijiambia ni dakika moja. Nilipiga magoti nikafungua mzigo mmoja na kuchagua sita, vinene kama kidole, vyenye macho yaliyokaribiana, vya ile safu ya baba yangu iliyokuwa karibu na kisima. Ninavijua kwa rangi ya gome. Nikavitia ndani ya bitana la koti.

Evaristo akaita, "Upo?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Hakukuwa na upepo wala kelele ya kusingizia kwamba sikusikia. Sikuitika, kwa sababu sauti yangu ingetoka upande wa matete na angejua siko mahali pangu. Nikasema moyoni, nikifika ukingoni nitaitika. Akaita mara ya pili. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya mzigo ili isionekane imeguswa. Nilifunga mafundo mawili. Rafiki yangu ananiita kutoka chini ya ardhi, nami nafunga fundo la pili.

Mchanga hauanguki kwa kishindo. Unatoa sauti kama mtu anayevuta shuka. Nilipofika kulikuwa kumeshajaa.

Na ningekuwa pale ningeuona ufa. Huanza mwembamba kama unywele na hukupa muda wa kusema "toka" mara tano. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakilipwa.

Vipandikizi vimo uani kwangu, nyuma ya banda la kuku. Nilivipanda usiku uleule, na kucha zangu zikitoka damu. Gracinda alidhani natapika.

13 Februari

Mvua na upepo. Matete ya uzio yamelala upande mmoja.

20 Februari

Nimekwenda kumwona Evaristo. Wamemweka jikoni karibu na moto. Akikohoa anashika mbavu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Daktari amesema hatachimba tena. Atatembea, kwa fimbo, Mungu akipenda.

"Njoo hapa, mpumbavu wa juu," akasema. "Nionyeshe kucha."

Nikamwonyesha.

"Zitaota. Mimi Custódia ananilisha supu ya kabichi kwa kijiko kama ndege. Asubuhi kabichi, mchana kabichi. Jana nimemwomba anirudishe mtaroni."

"Usimsikilize, shemeji," Custódia akasema. "Jana amekula sardini tatu."

Kisha Evaristo akaacha mzaha. Akaniambia polepole, kati ya kikohozi na kikohozi, kwamba anakumbuka yote. Aliita, mimi nikaitika nipo, akaendelea kuchota. Mara giza. "Kwa hiyo ubavu ulikuwa mbaya tangu asubuhi," akasema. "Wewe ulikuwepo, nilikusikia. Si kosa lako. Ni mkono wa Silvério. Simchukii, ni kijana. Lakini kweli ni kweli."

Amesema alinisikia.

Nilitoka bila kumaliza kahawa. Njiani nilikaa juu ya ukuta wa mawe wa shamba la matufaha mpaka nguo zikaloa umande.

5 Machi

Siku ya vinyago, ya mwisho kabla ya Kwaresima. Watoto wamejipaka masizi. Kuna mmoja alivaa kapu kichwani, akawa anaanguka, wenzake wanamfukua. Watu walicheka, wakanitazama kama nami nacheka. Nilicheka.

8 Machi

Tumeanza tena kuchimba, upande wa pili wa mtaro, na watu wawili kutoka kijiji cha jirani. Mita mbili. Bi Leonilde alimleta Silvério akate ubavu. Wale wawili wakatua sepetu zao.

"Mama, sisi na huyu hapana," mkubwa wao akasema. "Tuna watoto."

Silvério alisimama na koleo begani. Alinitazama mimi, si wao. Alikuwa akingoja neno moja kutoka kwangu, maana neno la mlinzi wa ukingo lingemaliza mambo. Mimi niliinama kufunga kiatu kilichokuwa kimefungwa.

Akaondoka kupitia kwenye matete.

9 Machi

Mita tatu.

14 Machi

Tumefika udongoni, sehemu ya kwanza. Tumepanda. Kila kipandikizi kinalazwa mguu wake kwenye udongo, kisha mchanga unarudishwa kidogo kidogo, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka kifikie jua. Kazi nzuri. Mikono yangu inaijua bila kuniuliza. Kwa saa mbili nzima sikumkumbuka mtu yeyote, nilipokumbuka nikajiona mwizi mara ya pili.

27 Machi

Gracinda ameviona. Alikwenda kutafuta yai, akarudi na mikono kiunoni.

"Hivi vijiti nyuma ya banda ni vya nini?"

"Mizabibu."

"Macho ninayo, Teotónio. Nauliza umevitoa wapi."

Nikamwambia Bi Leonilde alinipa. Akasema vizuri, basi Jumapili atamshukuru. Nikamwambia asimshukuru, mama yule hapendi kushukuriwa. Alinitazama kitambo, akarudi ndani kukaanga yai. Chumvi ilikuwa nyingi mno.

2 Aprili

Jua. Vipandikizi sita vya uani vimefumua macho yote. Vile vya mtaroni bado viwili vitatu havijaamka. Hivi vyangu vinakimbia kama vimeitwa. Ningefurahi hata kimoja kingekauka.

11 Aprili

Nimeungama, maana Pasaka i karibu. Nilimtajia padri vipandikizi. Sikutaja kuitwa. Akanipa sala kumi na kuniambia nirudishe nilichochukua. Nilizisali zote kumi nikijua nimemrudishia Mungu salio pungufu.

15 Aprili

Silvério anakwenda kuvua chewa. Amejiandikisha kwenye meli inayoondoka Lisboni Jumatano kwenda kwenye maji ya barafu, miezi sita, kila mtu peke yake ndani ya kimashua kidogo na kamba yenye ndoana. Mtu ambaye hajawahi kuingia baharini zaidi ya magoti. Hapa hakuna anayempa kazi. Bi Leonilde alijaribu kumwombea kwenye mashamba mengine matatu, wakamwambia mama, tafadhali.

Gracinda ameileta habari hiyo kutoka kisimani. Akaiweka mezani pamoja na mkate, halafu akakaa mbele yangu.

"Tangu Januari hulali," akasema. "Mwanzoni nilidhani ni Evaristo. Mtu aliyemwokoa mwenzake hulala. Niambie au usiniambie, lakini yule mke wa Silvério ana mimba ya miezi saba."

Sikumwambia. Nimekuja kuandika hapa badala ya kumwambia, na hapa karatasi hainijibu.

16 Aprili

Niandike yote, kwa utaratibu, maana nimeanza kusema kweli na nisiache katikati.

Alasiri nilikwenda kwa Evaristo. Nilimkuta Silvério amekaa jikoni, kofia mapajani, amekuja kuaga. Hiyo ndiyo tabia ya huyu mdomo mkubwa: kijiji kizima kinasema alimvunja mtu kiuno, naye anakuja kumuaga aliyevunjika. Custódia alikuwa amempa kahawa, lakini katika kikombe cha wageni.

"Nimekuja kuomba radhi, mzee Evaristo," Silvério alikuwa akisema. "Mimi ubavu ule niliukata mlalo. Naapa kwa mimba ya mke wangu. Lakini kama nilikosea bila kujua, nisamehe, nisiende kwenye maji yale nikiwa na deni lako."

Evaristo alikohoa muda mrefu. Kisha akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Kijana, nimekusamehe zamani. Lakini nisiseme uongo ili tuagane vizuri. Teotónio alikuwepo. Niliita, akaitika. Kama ni jicho, jicho lilikuwepo. Sasa kitu gani kingine kimebaki?"

Wote wawili wakanitazama.

"Sikuitika," nikasema.

"Uliitika. Nilikusikia."

"Sikuitika, Evaristo. Sikuwepo. Nilikuwa kwenye matete naiba vipandikizi vya Bi Leonilde. Uliniita mara mbili na nilikusikia zote mbili. Nilinyamaza ili usijue niko wapi."

Custódia alikuwa na sufuria mkononi. Aliiweka chini taratibu sana, akashika meza.

Silvério alisimama. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Alikuwa mweupe mdomoni.

"Lini ulikuwa unataka kusema?" akaniuliza. "Mimi nikishazama?"

"Leo. Nimesema leo. Usiende."

"Nimeshaweka sahihi, mzee. Ukishaweka sahihi halafu usitokee, wanakuja na askari. Mke wangu ameshauza mbuzi aninunulie mabuti. Ungesema wiki iliyopita ningekuwa na mbuzi wangu." Akavaa kofia. "Nikirudi Oktoba nataka kukuta kila mtu anajua. Siyo huyu na yule. Kila mtu. Na uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, siyo mke wako."

Akamwinamia Custódia, akamshika Evaristo bega, akatoka. Alinipita kama mtu anayepita nguzo.

Nikabaki nimesimama. Evaristo alikuwa akitazama moto. Akasema, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Sasa nilimsikia nani?"

Akachokoa makaa kwa fimbo.

"Miaka thelathini umeniitikia," akasema. "Labda niliisikia ya jana."

Nikaanza kusema nisamehe. Akainua mkono.

"Nenda nyumbani, Teotónio. Sina mbavu za kugombana nawe."

Hakuniita mpumbavu wa juu.

17 Aprili

Silvério ameondoka na tramu ya asubuhi. Nilisimama mbali. Gracinda, ambaye sasa nimemwambia yote, alikwenda akambebea mke wa Silvério kikapu.

21 Aprili

Pasaka. Baada ya misa nilisimama mlangoni pa kanisa nikawaambia. Nilianza vibaya, mtu akadhani nataka kuwatakia heri na akaanza kupiga makofi. Nilipomaliza, wale wazee walionipa mkono Februari walitazama viatu vyao. Mmoja alitema mate, si kwangu, pembeni. Padri alisema twendeni nyumbani, wana wangu, nyama zinapoa.

22 Aprili

Nimesema kilabuni.

23 Aprili

Nimesema kwenye ghala la divai la ushirika, mbele ya watu kumi na mmoja. Nilidhani kila safari ingekuwa nyepesi kuliko iliyopita. Haiwi.

24 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Leonilde na daftari hili mkononi. Nilimwambia nina vipandikizi vyake sita, vimeshatoa majani, nitaving'oa nimletee.

Alinitazama juu ya miwani.

"Ukiving'oa sasa vitakufa," akasema. "Vilikuwa vya safu ya kisimani?"

"Ndiyo, mama."

"Mzigo ule nilikuwa nimekutengea wewe. Nilitaka kukupa siku ya mwisho ya kazi, kwa ajili ya baba yako. Nilikuwa nimeufunga fundo moja. Nilipokuta mawili nilidhani ni Evaristo aliyenisaidia kukaza kabla hajafukiwa." Akavua miwani akaifuta. "Ungeniomba tu, Teotónio."

Nikamnyooshea daftari. Akasema msimu haujaisha. Kona ya mwisho ya mtaro bado, na vipandikizi vilivyobaki vimelala ghalani penye baridi. Vikikaa wiki moja zaidi vitachipua gizani na kuoza. Wale watu wa kijiji cha jirani wamekataa kushuka na mimi nikiwa juu. Hawakutukana, walisema tu wana watoto.

Nikamwambia nitashuka mimi.

"Na juu atasimama nani?"

Nikamwambia nitatafuta mtu.

26 Aprili

Nimezunguka nyumba saba. Mmoja ana mgongo, mwingine ana ng'ombe anayezaa. Wa saba hakusema sababu.

29 Aprili

Anga safi, upepo kidogo wa baharini. Mita tano na nusu. Tuliokuja: wawili.

Asubuhi nilikwenda mtaroni peke yangu, nimeshaamua kushuka bila mtu juu, jambo ambalo hata mlevi hafanyi. Nilipofika nilimkuta punda wa Custódia amefungwa kwenye matete. Evaristo alikuwa amekaa ukingoni juu ya kigoda cha jikoni, fimbo kati ya magoti, blanketi mabegani. Custódia alikuwa ameshaanza kuteremka kurudi nyumbani. Alinipita, akanitupia kapu bila kusimama. Lilikuwa kapu lilelile, limeshonwa upya ubavuni.

"Mlinzi haketi," nikasema, maana sikujua kusema kitu kingine.

"Mlinzi amevunjwa kiuno," akasema. "Shuka."

Nikavaa kapu. Miaka thelathini nimemvalisha mtu mwingine kitu hiki na sikujua kwamba ndani yake unasikia pumzi yako tu, wala sikujua kwamba ukiwa chini anga ni kipande kidogo namna ile. Mchanga ulikuwa unachuruzika kutoka juu, kidogo, mstari mwembamba, kisha unaacha. Nikachota. Moja, mbili, mpaka kumi.

"Upo?" nikaita.

Kimya.

Kanuni inasema tupa sepetu, panda. Sikupanda. Mchanga ulichuruzika tena, ukaanguka juu ya kapu, nikausikia ukitambaa kati ya matete yaliyosukwa hadi shingoni. Niliwaza kwamba kimya hiki ni kilekile nilichompa yeye. Niliogopa vibaya sana. Naye alikuwa katika hali hii, na alikuwa na imani kuliko mimi.

"Evaristo, upo?"

Kimya tena. Nilifikiri ameondoka. Nilifikiri ana haki ya kuondoka. Nikangoja pale, mkono kwenye ngazi, bila kupanda.

"Nipo," sauti ikasema kutoka juu. "Nilikuwa nakohoa."

Sikuwa nimesikia kikohozi chochote. Nikashika sepetu, nikaendelea kuchota.